Ujirani katika Jiji la Chicago

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika nizungumzie maisha ya Chicago. Sitagusa maghorofa yake, kwa kuwa mmeyaona pichani, wala uhalifu wake, ambao umesimuliwa hata watu wakadhani hakuna kingine. Nitazungumzia ujirani, kwa sababu ndio unaomtatiza zaidi mtu aliyekulia huku kwetu anapohamia huko.

Nianze na anwani. Kwa mpango ulioanza kutumika mwaka 1909, nambari za nyumba huhesabiwa kutoka pale barabara za State na Madison zinapokutana katikati ya jiji, na kila nambari 800 ni sawa na maili moja. Anayeambiwa kwamba nyumba ni nambari 4000 magharibi hujua, kabla hajatoka kwake, kwamba iko maili tano kutoka barabara ya State. Kwetu tunaelekezana kwa mwembe, msikiti au duka la fulani, na mgeni hafiki asipouliza watu. Chicago mtu anaweza kufika, akaishi miaka mitatu na kuhama bila kumwuliza yeyote lolote.

Baridi nayo huufunga mlango. Mwishoni mwa Januari 2019 kipimajoto kilishuka kupita nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, na katika hali hiyo hakuna anayekaa barazani. Hata hivyo, theluji ina adabu yake. Aliyeifukua kwa koleo hadi akapata nafasi ya kuegesha gari mbele ya nyumba huacha hapo kiti kibovu anapoondoka, na majirani wengi huheshimu kiti hicho ingawa sheria haikitambui. (Nakiri kwamba sijaona hati miliki iliyo rahisi kuliko hiyo.)

Lakini lililoonyesha thamani ya ujirani kwa uchungu zaidi ni joto. Katikati ya Julai 1995 joto lilizidi nyuzi 40, na katika siku chache likaua watu zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao, baadhi yao wakiwa wamefunga madirisha kwa kuogopa wezi, na wengine hawakugunduliwa mpaka siku kadhaa baada ya kufa.

Sasa tazameni mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale, ambao wenyeji huuita Little Village. Yote miwili ilikuwa na umaskini na wazee wengi wanaoishi peke yao, lakini vifo vya North Lawndale vilikuwa vingi mara kadhaa kuliko vya jirani yake. North Lawndale, ambako wakazi wengi ni Wamarekani Weusi, viwanda vilikuwa vimefungwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wamehama tangu 1960, na viwanja vitupu vilikuwa vimejaa kati ya nyumba, kiasi kwamba mzee hakuwa na pa kwenda wala sababu ya kutoka. Little Village, mtaa wa watu wenye asili ya Meksiko, barabara ya 26 ilikuwa na maduka na wauzaji kutwa nzima, na mzee aliyeelemewa na joto aliweza kwenda kupoa dukani, mahali ambapo asipoonekana ataulizwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba upweke wa miji hiyo ni tabia tu ya Wazungu au ya Wamarekani. Mara nyingi hutokana na mtaa ulioachwa ukafa.

Siku hizi mkazi wa Chicago anaweza kupiga simu nambari 311 na kuomba jiji limtume mtu akabishe hodi kwa mzee anayeishi peke yake. Sharti tu anayepiga simu awe anajua kwamba mzee huyo yupo.