Ghala la Moroto

Magazeti yetu huandika "bunduki aina ya SMG", jina ambalo kwa haki ni la silaha ya namna nyingine, bunduki fupi inayofyatua mfululizo risasi za bastola, na msomaji hupita tu. Mara nyingi inayosemwa ni Kalashnikov, yaani AK-47.

Aliyeibuni, Mikhail Kalashnikov, alikuwa askari wa vifaru wa Kisovieti aliyejeruhiwa vitani mwaka 1941. Jeshi lao liliipokea mwaka 1949. Sifa yake si shabaha. Kwa shabaha zipo zinazoizidi mbali. Ni kwamba vyuma vyake vya ndani ni vichache na havikubanana, hivyo mchanga ukiingia, tope likiingia, bado inafyatua. Ukiifungua, sehemu zake zote zinaenea juu ya kipande cha khanga, na asiyejua kusoma atajifunza kuirudishia kabla jua halijazama. Kinachomfaa kuruta kikamfaa na mtoto. China ikatengeneza ya kwake tangu 1956, kisha Poland, Bulgaria, Misri na wengine. Msumbiji wameichora kwenye bendera, ikipishana na jembe. Leo ukoo huu hukadiriwa kufika milioni 100.

Sasa twendeni Moroto, mji wa Karamoja, nchi ya wafugaji kaskazini mashariki mwa Uganda. Mwaka 1979, sisi huku tukishangilia kuanguka kwa Idi Amin, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto na kuliacha ghala la silaha. Wafugaji wakalivunja, wakabeba. Si zote zilikuwa Kalashnikov. Hizo ziliendelea kumiminika kutokea Sudan, na baada ya 1991 kutokea Somalia na Ethiopia.

Wizi wa ng'ombe ulikuwapo tangu enzi. Lakini kwa mikuki, kijana alilazimika kumsogelea mwenzake, na wazee walipata nafasi ya kuketi na kukata fidia. Magazini ya risasi 30 haingoji kikao. Mwaka 1980 ukame na uporaji vilikutana, ikaja njaa iliyoua watu wengi mno Karamoja, watoto kwanza. Mvua ingerudi, mifugo iliyoswagwa usiku hairudi.

Serikali ya Uganda ilipoanza kukusanya silaha, mwishoni mwa 2001, baadhi ya waliosalimisha zao walivamiwa na majirani waliokuwa bado wamezificha. Wakatafuta nyingine. Watu huwaita wakaidi. Mimi nimeshindwa kuwaita hivyo: boma lina ng'ombe, jirani ana bunduki, kituo cha polisi kiko mbali.

Haya, maswali. Naona mkono wa dada pale nyuma.