Wasifu wa Mzee Usisubiri Usiku wa Msiba

Wazee wetu, shikamooni. Na ninyi wengine, kamwene.

Leo tunazungumzia karatasi moja tu, ile inayosomwa kabla jeneza halijashushwa. Kwa kawaida huandikwa usiku wa msiba na mjukuu mwenye mwandiko mzuri, huku kila anayepita akimwongezea neno. Ndiyo maana mzee aliyefanya kazi miaka sitini anaambulia mistari mitano: alizaliwa, alibatizwa, alioa, aliugua, akafariki. Ugonjwa wa miezi mitatu unajaza nusu ukurasa, hospitali zote zimetajwa, lakini jembe lake halimo. Inauma sana. Dawa ni kuanza mapema, mzee mwenyewe akiwa bado anaota jua uani.

Anzeni na mwaka wa kuzaliwa, maana hapo wengi hukosea. Tarehe ya kwenye kitambulisho inaweza kuwa makadirio ya karani. Msimwulize mzee ana miaka mingapi. Mwulizeni alikuwa na ukubwa gani tukio fulani lilipotokea, na mchukue matukio yasiyopungua matatu. Kwa Uhehe, huku Iringa, alama nzuri ni mwaka 1954, fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliporudishwa Kalenga. Zipo pia Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967 na Operesheni Vijiji ya 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja. Tuseme babu anakumbuka kwamba fuvu liliporudi alikuwa anachunga mbuzi, ng'ombe hajakabidhiwa. Tumkadirie miaka saba hadi tisa: kazaliwa kati ya 1945 na 1947. Dada yake mkubwa naye anasema mdogo wake alitungwa mimba baada ya baba yao kurudi kutoka Burma, Vita Kuu ya Pili vilipokwisha. Vita viliisha Agosti 1945, basi mwaka huo unaondoka. Sasa mpimeni kwa Uhuru: alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano? Ikilingana, andikeni "mwaka 1946 hivi". Hilo neno "hivi" msilionee aibu. Lina ukweli kuliko tarehe ya kubuni.

Mahali pa kuzaliwa napo pana mtego. Wengi walihamishwa 1974, kwa hiyo ukiandika jina la kijiji cha sasa, huenda umemzalisha mahali ambapo wakati ule palikuwa pori. Ulizeni jina la mahame yao, pale walipoishi kabla ya kuhamishwa.

Kwenye kazi, kaeni sana. "Alikuwa mkulima hodari" ni maneno yanayomfaa kila mtu, kwa hiyo hayamtambulishi yeyote. Ulizeni hatua. Kama babu aligema ulanzi, pombe ya mianzi, alikata machipukizi ya mianzi mara ngapi kwa siku, na mbeta, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia, alizifunga vipi? Kama alijenga reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970, alikuwa kipande gani? Aliyefanya kazi kati ya Mlimba na Makambako, kwenye mahandaki na madaraja yale ya mteremko, ana habari tofauti kabisa na aliyekuwa kwenye tambarare. Kama mumewe bibi alikwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, nani alilima miaka hiyo yote? Hapo ndipo maisha ya bibi yanapojitokeza. Wanawake wetu hutajwa kama mama wa fulani, basi. Bibi wa Kikisi aliyefinyanga vyungu kule Ikombe alikuwa na ufundi na biashara: udongo aliuchimba wapi, vyungu vingapi vilipasuka motoni na kwa nini, mtumbwi ulibeba vingapi kwenda kuuzwa Matema? Haya yaandikwe.

Kurekodi, simu inatosha. Iwekeni umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni, mbali na jiko, na muiweke kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Msirekodi mvua ikinyesha juu ya bati. Huko Rungwe mtapoteza mchana mzima, hamtasikia neno. Dakika arobaini zinatosha kwa siku moja, mzee huchoka kabla hajasema kwamba amechoka. Mwacheni aseme Kihehe, Kibena au Kinyakyusa chake, tafsiri itafuata. Akikwama, msimbane kwa maswali. Mpeni kitu mkononi: kadi ya TANU, picha, nyengo yake ya zamani ya kufyekea.

Ugomvi huzuka kwenye orodha ya watoto. Aliyezaliwa nje ya ndoa kaachwa, aliyefariki mchanga kasahaulika, au mke wa kwanza hakutajwa, na kelele zinaanza kaburini. Rasimu ipitiwe na mtu mmoja kutoka kila nyumba, mzee akiwepo, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeweza kukata shauri hilo bila kuacha kinyongo.

Mwisho, urefu. Kurasa mbili zilizochapwa husomwa kwa dakika saba au nane, na kwenye jua la makaburini zaidi ya hapo watu hawasikilizi. Ugonjwa upewe sentensi mbili. Masimulizi yote marefu yabaki kwenye daftari, nakala tatu katika nyumba tatu, kwani daftari lililoko nyumba moja huliwa na mchwa au huondoka na mtu.

Karatasi zipo hapo mlangoni. Kila mmoja achukue moja, aandike jina la mzee wake na matukio matatu atakayomwuliza Jumapili hii.