Hundi Uliyoambiwa Haina Pesa

Habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Wanaonijua naona wameshaanza kucheka.

Swali ni lilelile la kila siku. Mtu kakuandikia hundi, umeipeleka benki, imerudi na zile herufi mbili, R/D, maana yake mrudie mwandikaji. Ametenda jinai? Kariakoo nzima inajibu ndiyo, awekwe ndani. Mimi, wakili, nauliza kwanza: siku anakupa, alikuambiaje?

Kuna muuza mabati mmoja wa Gerezani, jina lake halina kazi hapa. Mteja wake, fundi aliyekuwa anajenga vyumba vya kupangisha Mbagala, alichukua mabati na mbao za shilingi milioni 8 na laki 4. Taslimu hana. Akatoa kitabu cha hundi, akaandika tarehe ya miezi miwili mbele, akasema: "Kaka, humu kwa sasa hamna kitu. Tajiri akinilipa nitakushtua uipeleke." Muuza mabati akaikunja mara nne, akaitia kwenye droo chini ya kikokotoo. Miezi miwili ikapita, simu ya fundi haipokelewi. Akaipeleka benki, ikarudi. Kesho yake yuko ofisini kwangu, hundi imechakaa kwenye mikunjo, anataka mtu alale ndani leo leo.

Tukaenda kituoni. Pale kaunta palikuwa na afande kijana, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Mzee, alipokupa hii hundi alikwambia ina pesa?" Na mteja wangu ni mtu wa swala tano, hasemi uongo. Akajibu: "Hapana, aliniambia haina." Afande akaweka kalamu chini. Mimi nikatazama dari.

Mnacheka, lakini kesi ilifia pale. Kosa tunalolikimbilia linaitwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Liko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, na kifungo chake kinafika miaka 7. Sasa udanganyifu unataka aliyedanganywa. Muuza mabati alidanganywa na nani? Alikopesha. Alichoweka kwenye droo ni daftari la deni lenye nembo ya benki.

Najua yupo anayesema moyoni, "Huyu wakili anatetea matapeli." Kila mwaka naulizwa. Haya, tubadili kitu kimoja tu. Fundi alifunga akaunti mwezi wa tatu. Mwezi wa sita anakuandikia hundi ya akaunti ileile, anatabasamu, hasemi neno, anapakia mabati. Huyo kakudanganya bila kufungua mdomo. Waingereza, ambao sheria yetu ya hundi, Sura ya 215, ni mtoto wa sheria yao ya 1882, waliliona hilo tangu kesi ya Hazelton mwaka 1874: anayekukabidhi hundi anakuambia kwa kitendo kwamba ikifika benki, kwa mwendo wa kawaida, italipwa. Mwaka 1983, katika kesi ya Gilmartin, wakasema hata hundi ya tarehe ya mbele inabeba kauli hiyo. Mimi sibishi. Nasema kauli ya karatasi inaweza kufutwa na kauli ya mdomo, na fundi aliifuta mwenyewe mbele ya kaunta yako, wewe ukaitikia "sawa kaka".

Halafu kuna wale wa katikati. Kabla ya kuwa wakili nilikaa dirisha la hundi benki, nawajua. Mtu kaingiza hundi ya mwenzake Ijumaa, Jumatatu anaandika ya kwake akitegemea ile. Ya kwanza ikirudi, ya pili inaifuata. Huo ni uzembe, tena uzembe wa kutia hasira. Lakini nia ya kulaghai iko wapi? Na tusisahau, nyingine zinarudi kwa sababu maneno yanasema laki sita na tarakimu zinasema 60,000. Utamfunga mtu kwa sifuri moja?

"Mbona wenzetu wanafunga?" Wenzetu wapi? Kenya wana kifungu maalumu, 316A, mwaka mmoja au faini isiyozidi shilingi 50,000 za kwao. Kisomeni mpaka chini: kwa kosa la salio kutotosha, hundi ya tarehe ya mbele haimo. India ni wakali, miaka 2 na faini hadi mara mbili ya hundi, lakini hata wao mwandikaji hupewa notisi na siku 15 za kulipa kwanza. Na sisi tangu 1976 tumo kwenye mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Polisi si wakusanya madeni. Nimelisema hili mpaka mke wangu analijua kwa moyo.

Sasa mnachokiacha mezani. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ina Amri ya 35. Ukidai kwa hundi, unaweza kufungua shauri kwa njia ya mkato, na mdaiwa hana ruhusa ya kujitetea hivihivi. Lazima aiombe mahakama ruhusa, aoneshe ana hoja ya maana. Asipoipata, hukumu yako hiyo. Mwenye daftari la kawaida la mali kauli hana upendeleo huu! Una silaha kwenye droo, unakwenda kumsumbua afande.

Muuza mabati alikwenda njia hiyo. Fundi alipopata hati ya madai, simu ikaanza kupokelewa. Alilipa kwa mafungu matatu.

Naoneshwa saa. Haraka basi. Wanaokopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, na kuacha hundi zilizosainiwa bila kiasi: mmempa kalamu pamoja na mkono. Kisheria anatakiwa kujaza kile mlichokubaliana tu, lakini mtakithibitishaje bila maandishi? Hundi ya benki moja kwenda nyingine isizidi milioni 10, zaidi ya hapo pesa ipite kielektroniki. Wakurugenzi wanaosaini hundi za kampuni, hilo lina mhadhara wake.

Mwenye hundi iliyorudi mfukoni, na najua mpo, anione pale mlangoni kabla ya alasiri. Aje na karatasi ya benki inayoonesha sababu. Na jamani, msizikunje.