Ushuru wa korosho ghafi analipa nani? Kagua hesabu mwenyewe

Shikamooni wakubwa, na vijana mambo. Video ya leo haina theluji wala treni za chini ya ardhi kama zilizopita. Ni ya watu wa Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Liwale, wilaya za korosho kusini mwa Tanzania, ambao kila msimu wa minada wanabishana: ushuru wa kusafirisha korosho ghafi unamwangukia nani, mnunuzi au mkulima? Watafiti wa uchumi wana njia ya kulichunguza hilo, na sehemu kubwa ya kazi yao unaweza kuikagua kwa simu yenye bando.

Anza na ushuru wenyewe. Kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni asilimia 15 ya FOB, yaani thamani ya mzigo ukishapakiwa melini, au dola 160 kwa tani, inayotozwa ni ile iliyo kubwa. Hapo ndipo wengi wanapita haraka. Gawanya 160 kwa 0.15, unapata kama dola 1,067. Bei ikiwa juu ya hapo, asilimia ndiyo inayofanya kazi: tani ya dola 1,500 inatozwa 225. Bei ikiporomoka hadi 800, unatozwa 160 ileile, ambayo sasa ni asilimia 20. Msimu mbaya ndio unaokamuliwa zaidi. Ukikuta utafiti umeweka 15 kwenye kila mstari wa data, ufunge, nenda kwenye mwingine.

Sasa data. Fungua Comtrade, hifadhi ya mtandaoni ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa. Namba ya bidhaa ni 080131, korosho yenye ganda. 080132 ni iliyobanguliwa, na hizo mbili hazijumlishwi kavukavu: gunia la kilo 80 lenye ubora wa paundi 48 (yaani paundi za karanga zinazotoka humo) linatoa kilo 21.8 tu za korosho karanga, kama asilimia 27. Kwa hiyo tani moja iliyobanguliwa ni sawa na tani 3.7 hivi za ghafi. Ukirudi nyuma ya 1996 utakuta namba moja, 080130, imebeba zote.

Vuta pande mbili: Tanzania inasema imeuza nini India, na India inasema imenunua nini Tanzania. Hazitalingana, na hilo peke yake si ushahidi wa wizi. Anayenunua huandika bei yenye nauli na bima ndani. Na meli iliyopakia Mtwara mwishoni mwa Disemba inateremsha Januari, mwaka mwingine. Mimi uzito wa upande wa mnunuzi ndio ninaouamini zaidi, maana forodha kokote hukagua kinachoingia kuliko kinachotoka. Kisha gawanya thamani kwa kilo, mstari kwa mstari. Korosho ghafi ikikuletea dola 15 kwa kilo, kuna mtu kachanganya kilo na tani au kakosea namba ya bidhaa.

(Kangomba, yaani korosho inayonunuliwa kichochoro nje ya mnada, msiitafute humu. Ile korosho hupata njia yake hadi melini kama nyingine yoyote, takwimu za bandarini haziitofautishi. Ya kangomba yanataka dodoso la kaya kwa kaya.)

Twende kwenye hisabati ya kupima ushuru unavyoigusa biashara hiyo. Tangu mchumi Jan Tinbergen, 1962, wachumi wanatumia mlinganyo wa mvutano: biashara kati ya nchi mbili hupanda kwa ukubwa wa chumi zao na hushuka kwa umbali. Ili uukokotoe kirahisi unachukua logi (logariti) pande zote. Tatizo ni kwamba logi ya sifuri haipo, na kwenye korosho ghafi sifuri ndizo nyingi, kwa kuwa wanunuzi wakubwa ni India na Vietnam tu. Wanafunzi wengi huzifuta sifuri, au huongeza 1 kila mahali. Njia zote mbili zinapotosha jibu. Tangu wachumi Santos Silva na Tenreyro waonyeshe hivyo mwaka 2006, kilichozoeleka ni kutumia Poisson, njia ya kukokotoa isiyohitaji logi ya biashara, kwenye thamani zenyewe, sifuri zikibaki ndani.

Lakini hata Poisson haikusaidii ukiwa na data ya mwaka mzima, na hapa ndipo penye kiini cha ubishi wetu. Korosho ya kusini inaingia sokoni kuanzia Oktoba. Ya Afrika Magharibi huanza Februari hivi. Kiwanda cha kubangua cha Kollam, India, kilichoishiwa mzigo mwezi Oktoba hakina pengi pa kukimbilia, kwa hiyo sehemu ya ushuru inaweza kukiangukia chenyewe. Ikifika Machi, mnunuzi huyohuyo anatazama Abidjan, Ivory Coast, na ushuru wote anaukata kwenye bei anayoandika mnadani. Ukijumlisha mwaka mzima, hali hizo mbili zinamezana. Tumia data ya mwezi kwa mwezi.

Msimu wa 2018/19 uwekee alama yake. Serikali iliingia Novemba 2018 kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hivyo bei ile haikutoka sokoni. Na mavuno yakishuka usikimbilie kulaumu ushuru: ubwiriunga (ugonjwa wa mikorosho) na salfa ya kuukinga iliyochelewa vinaweza kufanya kazi hiyohiyo, waulizeni watafiti wa kilimo wa Naliendele, Mtwara.

Ng'ambo ya Ruvuma walishapita huku. Msumbiji ilipunguza ushuru wake miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia. Wachumi McMillan, Rodrik na Welch walipopiga hesabu, faida kwa kaya ya mkulima ilikuwa kama dola 5.30 kwa mwaka, huku wafanyakazi wa viwanda vya kubangua wakipoteza ajira kwa maelfu. Kila upande wa ubishi hupenda kunukuu nusu moja ya matokeo hayo.

Mwenye karatasi za mnada za AMCOS yake (chama cha msingi cha ushirika), tarehe, kilo, bei na ubora wa mzigo, aanze kuziingiza kwenye jedwali leo, na kiwango cha dola cha siku hiyohiyo pembeni. Ukikwama kwenye Poisson niandikie hapo chini, utaje na programu unayotumia.