Silaha Mikono Yote Miwili: Mpiganaji au Mjanja?

KULWA: Mwangaluka, wapenzi wa gemu! Mko na Kulwa.

DOTO: Na Doto. Tuko Nyegezi, feni tumeizima ili isiingie kwenye maikrofoni, kwa hiyo mkisikia mtu anahema mjue ni joto la Mwanza.

KULWA: Tuna ujumbe wa sauti kutoka Nansio, kule Ukerewe. Msikilizaji wetu kapewa laptopu ya zamani, kaweka Dragon Age: Origins, kafika pale pa kutengeneza mhusika, kakwama. Anataka kupigana na silaha mikono yote miwili. Sasa mpiganaji anaruhusiwa, na mjanja anaruhusiwa. Anauliza achukue yupi.

DOTO: Achukue mjanja. Asanteni kwa kusikiliza, tukutane wiki ijayo.

KULWA: We nawe! Kaa chini. Kwanza tuwasaidie wasioijua gemu yenyewe. Imetengenezwa na BioWare wa Kanada, ikatoka Novemba 2009. Unaunda mtu wako, unampa asili, unampa fani: mpiganaji, mjanja au mchawi. Halafu unatembea na wenzako watatu, mnapambana na majitu yanayofumuka kutoka chini ya ardhi.

DOTO: Na kabla hamjauliza kwa nini tunaongelea gemu ya mwaka huo: inakaa kwenye gigabaiti 20 hivi, hadithi yake yote unaicheza bila bando, na inafunguka kwenye mashine ambayo gemu mpya haziwezi hata kuwaka. Vibanda vya gemu huku mjini, toka Kirumba mpaka Igoma, ni mpira tu. Ukitaka hadithi ndefu, unaichezea nyumbani na kilichopo nyumbani.

KULWA: Haya, mtetee huyo mjanja wako.

DOTO: Mgongo, basi. Mjanja akisimama nyuma ya adui, kila pigo linakuwa pigo kubwa. Mpiganaji anasubiri bahati imwangukie, mjanja anazunguka tu. Sasa mpe silaha mbili uone, mapigo yanakuja mfululizo na yote ni ya mgongoni. Tena kuna mbinu yake moja ambayo adui akiduwazwa au akipoozeshwa, anahesabika kama kakupa mgongo hata kama mnatazamana uso kwa uso. Mchawi wako anampoozesha, wewe unamchoma. Nani atasimama hapo?

KULWA: Kwa mdomo ni tamu. Mlangoni je? Umeingia kwenye njia nyembamba, maadui wamejazana mbele yako bega kwa bega. Huko nyuma yao utafikaje, utapaa?

DOTO: Namsubiri mwenzangu Alistair, yule mpiganaji wa ngao, awavute kwake, watawanyike, mimi nipite pembeni.

KULWA: Unasubiri! Mpiganaji hasubiri. Anaingia katikati, anazungusha silaha zote mbili, kila aliye karibu anapata lake. Wakijazana ndiyo raha yenyewe.

DOTO: Mbinu hizo za kufagia hata mjanja anazo. Ukurasa wa silaha mbili ni uleule kwa wote wawili, usiwadanganye watu.

KULWA: Anazo, sikatai. Lakini azungushe katikati ya kundi na kile kijivazi chake cha ngozi, halafu nani atamwokota? Mpiganaji uhai wake unakua zaidi kila levo. Na mkumbuke pumzi, maana kila mbinu inakula pumzi. Mpiganaji ana kipaji kinachomrudishia pumzi kila anapoua. Anaua mmoja, anapata nguvu ya kumrukia wa pili. Mjanja akiishiwa, anabaki kuchomachoma kawaida na kusali.

DOTO: Akiwa mgongoni, hiyo ya kawaida inatosha. Hilo ndilo watu hawalielewi. Mjanja hahitaji kubonyeza vitufe vingi, anahitaji kusimama pale panapotakiwa. Lakini tuje kwenye pointi, maana huko ndiko mpiganaji wako anakotoka jasho.

KULWA: Najua unakokwenda.

DOTO: Kila levo unapewa pointi 3 ugawe mwenyewe: nguvu, wepesi, werevu na nyinginezo. Ile mbinu ya juu ya silaha mbili, inayokuruhusu kushika upanga kamili hata mkono wa kushoto, inadai wepesi 36. Kabla ya hapo mkono wa pili unashika jambia na silaha ndogo za aina hiyo. Sasa mtu wa Nansio anaona picha kichwani: mpiganaji, panga mbili, deraya nzito ya chuma toka shingoni mpaka miguuni. Panga zinataka nguvu. Ile deraya nzito kuliko zote nayo inataka nguvu nyingi. Na juu yake wepesi 36! Tuseme kaanza na wepesi 16, zimebaki 20. Hizo ni levo 7 nzima akimwaga kila kitu kwenye wepesi, na nguvu haijaguswa.

KULWA: Nani kamwambia amwage? Anagawa. Mimi kwa muda mrefu nashika upanga kulia na jambia kushoto, na wala sijioni mnyonge. Panga mbili ni zawadi ya mwishoni. Halafu kule kwenye Mnara wa Wachawi, ile sehemu ya ndotoni ambayo kila mtu anailalamikia, kuna vitu vimefichwa ukivigusa vinakuongezea pointi za kudumu. Mtu akipekua kila kona anatoka na pointi za maana sana. Watu wanaikimbia, mimi naipenda.

DOTO: Wewe peke yako Tanzania nzima.

KULWA: Inanilipa.

DOTO: Sasa msikie mjanja. Wepesi unamfungulia mbinu. Wepesi huohuo unamsaidia kulenga, unamsaidia kukwepa, na jambia lenyewe maumivu yake yanachota nusu kwenye nguvu na nusu kwenye wepesi. Pointi moja inafanya kazi nne. Na jambia linapenya deraya vizuri kuliko upanga. Halafu kuna kipaji ambacho ukikichukua, werevu unakaa mahali pa nguvu kwenye kupiga hesabu ya maumivu. Ukifika hapo nguvu unaisahau. Na huo werevu ndio unaofungua makufuli, na makufuli kwenye gemu hii hayafunguliwi na mwingine yeyote. Mpiganaji anapita mbele ya sanduku limejaa mali, analitazama, anaondoka.

KULWA: Makufuli kuna Leliana, mjanja anayejiunga nawe njiani.

DOTO: Kwa hiyo kati ya watu wanne, mmoja umemchukua kwa ajili ya kufungua masanduku.

KULWA: Anaimba pia, na anatupa mishale. Lakini ngoja nikuulize. Wewe mjanja wa majambia, Zevran akijiunga na majambia yake utamweka wapi? Mtagombania mgongo wa nani? Tazama wapiganaji wanaokuja: Alistair upanga na ngao, Sten upanga mkubwa wa mikono miwili, Oghren mikono miwili. Hakuna mpiganaji hata mmoja anayekuja na silaha mbili. Kiti hicho kipo wazi gemu nzima.

DOTO: Hiyo hoja ina uzito, nakupa. Ingawa migongo haiishi, adui mmoja anatosha watu wawili.

KULWA: Na nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mpiganaji wa silaha mbili utamkuta kwenye gemu hii na nyongeza yake ya 2010. Basi! Dragon Age II ya 2011 wakamnyang'anya, wakaacha ngao au silaha kubwa ya mikono miwili. Inquisition ya 2014 vilevile. The Veilguard ya 2024 vilevile. Silaha mbili wameachiwa wajanja. Kwa hiyo mjanja wako atamkuta mbele, atamkuta mpaka achoke. Wangu asipomcheza hapa, kampoteza.

DOTO: Hata Isabela, yule anayekufundisha fani ya upambanaji wa ana kwa ana kule kwenye jiji la Denerim ukimshinda kwenye karata, gemu iliyofuata kawa mwenzako, na majambia yake mawili.

KULWA: Umeona?

DOTO: Nimeona kwamba waliotengeneza walikaa, wakatafakari, wakaamua silaha mbili ni mali ya mjanja.

KULWA: Ah! Unaona huyu anavyogeuza maneno? Kila tukigusa mada hii tunakuwa Wagika na Wagalu, yale makundi ya ngoma ya Wasukuma yanayoshindana baada ya mavuno: huku ngoma, huku ngoma, na mshindi ni aliyevuta watu wengi.

DOTO: Nitavuta mimi. Mimi nina dawa.

KULWA: Tupite haraka kwenye fani za ziada, zile mbili unazopata levo ya 7 na ya 14. Mpiganaji ana nne, mjanja ana nne. Mimi nachukua ile ya hasira inayofundishwa na Oghren.

DOTO: Mimi muuaji wa siri, kwa Zevran. Inaongeza makali ya mgongoni, hakuna mjadala. Hizo nyingine soma mwenyewe, kitabu cha maelezo kimo ndani ya gemu. Kitu ambacho hakiandikwi humo ni tabia ya mchezaji. Kulwa anacheza bila kusimamisha. Vita vikianza anabonyeza, anapiga kelele, anawaamsha majirani.

KULWA: Na huyu anabonyeza spesibaa kila sekunde mbili. Pambano la dakika moja anakaa nalo mpaka chai inapoa. Anasimamisha, anazungusha kamera, anamsogeza mjanja hatua moja, anaachia, anasimamisha tena.

DOTO: Ndivyo gemu hii inavyotaka! Imetengenezewa kusimamishwa. Mjanja asiyesimamisha anajikuta mbele ya adui badala ya nyuma, na mbele yake hana tofauti na mpiganaji aliyevaa vibaya.

KULWA: Rudia hiyo.

DOTO: Mjanja akiwa mbele ya adui ni mpiganaji aliyevaa vibaya. Nimesema, na wala sioni aibu. Kazi yake ni kutokuwa mbele.

KULWA: Na kumweka nyuma unahitaji kubofya chini, mahali hasa, katikati ya fujo. Unahitaji kuzungusha kamera upesi.

DOTO: Ndiyo. Kipaji cha kusogea vitani kinapanua ile pembe inayohesabika kuwa mgongo, lakini bado lazima ufike huko.

KULWA: Sawa. Sasa tusikilize mwisho wa ujumbe wa mtu wetu. Wewe uliuzima katikati ukaenda kuchukua maji. Anasema hivi, namnukuu: mausi sina, natumia tachipedi.

DOTO: Anatumia nini?

KULWA: Tachipedi. Na kitufe cha kulia kinabonyea kwa shida.

DOTO: Kulwa! Kwa nini hukusema tangu mwanzo?

KULWA: Ulishajibu. Ulishawaaga na watu.

DOTO: Kamera ya gemu hii unaizungusha kwa kushikilia kitufe cha kulia. Kwa tachipedi mbovu atamzungusha nani? Atakuwa anamtafuta adui dirishani. Aisee. Basi, sikiliza, ndugu yangu wa Nansio: chukua mpiganaji.

KULWA: Mmesikia wenyewe.

DOTO: Usishangilie, namsaidia mtu. Chukua mpiganaji, upanga kulia, jambia kushoto. Zile mbinu za silaha mbili panda nazo taratibu, wepesi upande kadiri mbinu inayofuata inavyodai, kinachobaki peleka kwenye nguvu. Deraya nzito kabisa isikuumize kichwa mwanzoni, iliyo chini yake inatosha. Chukua mapema ile mbinu inayoongeza kasi ya kupiga, na kile kipaji cha kurudishiwa pumzi unapoua, viende pamoja. Simama katikati ya kundi, acha Alistair awe karibu. Tachipedi itakutosha.

KULWA: Na Leliana. Yupo Lothering, kwenye baa ya kijiji. Ukiingia mtagombana na askari, mpokee akijitolea kuja nawe. Kijiji kile usikiachie mpaka mmepatana naye, kwa sababu hadithi ikisonga hutakikuta tena.

DOTO: Mpe yeye vipaji vya makufuli. Kila levo anapata pointi ya kipaji, kwa hiyo ana nafasi. Na usevu kila mara, hasa kama kwenu nako umeme unaondoka bila kuaga na betri ya laptopu imechoka.

KULWA: Na siku akija mjini na meli, apite Makoroboi anunue mausi.

DOTO: Akishanunua, aanze upya na mjanja.