Msiwafinye watoto kanisani

Bwana Yesu asifiwe! Haya kaeni, na nyie wa nje pale barazani ingieni, nafasi ipo huku mbele.

Leo tuseme hii habari ya Yesu kutuambia tuwe kama watoto, maana naona wengi tunaielewa vibaya. Mtu mzima ukimwambia awe kama mtoto anadhani unamwambia aache kufikiri, aitikie tu kila anachoambiwa. Sio hivyo jamani, Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho wasiwe watoto katika akili zao. Na tena, nani anauliza maswali kumshinda mtoto? Ingia nae pale kanisani Mkunazini, atakwenda moja kwa moja kwenye zile nguzo, atainamisha kichwa, atazishika, halafu atakuuliza mbona hizi zimegeuzwa? Na kweli zimesimama kichwa chini miguu juu, inasemwa mafundi waliziweka hivyo wakati Askofu Steere, aliyelijenga kanisa lile, hayupo. Sie tunazipita kila Jumapili, tushazoea, hatuzioni tena. Na ndo linaloniuma mie, maana mtu akishazoea vile anazoea na neema, anaambiwa dhambi zako zimesamehewa na yeye anatazama saa.

Sasa fungueni Mathayo 18. Wanafunzi wanauliza nani mkubwa katika ufalme wa mbinguni, na Yesu anamwita mtoto anamsimamisha katikati yao. Zama zile mtoto hana cheo, hana sauti, hana cha kulipa. Akipewa kitu anapokea, basi. Sie tukipewa tunaanza kuhesabu, nimefunga siku ngapi, nimetoa sadaka kiasi gani, kama vile Mungu tunamdai.

Na hapa kwetu Unguja hebu angalieni tulivyoanza. Mwaka 1864 misheni ya Kianglikana ya UMCA kutoka Uingereza imehamia hapa na Askofu Tozer, na Sultani akawapa watoto watano wa kiume waliokombolewa kwenye jahazi la watumwa. Watano tu! Soko lenyewe la watumwa lilikuwa bado linafanya kazi, halikufungwa mpaka 1873. Sisemi utumwa ulikuwa na heri yoyote, hapana, ile ni dhulma na itabaki dhulma. Ila nasema kanisa hili halikuanza na matajiri wala wasomi, limeanza na watoto waliotolewa kwao, hawana kitu mkononi, na mmoja wao, John Swedi, mwaka 1879 akawekwa ushemasi. Mie kila nikilifikiria hili nashindwa kukaa kimya.

Sasa tufanyeje? Kwanza tuache kuwafinya watoto wakiuliza kitu ibadani. Mama zangu, baba zangu, tunawafinya, si kweli? Mtoto anauliza Mungu anakaa wapi, unamwambia shhh. Mjibu, na kama hujui mwambie sijui mwanangu, tumuombe atuonyeshe, na usiku kabla hajalala muombe pamoja, umuache yeye aanze. Utamsikia anashukuru kwa vitu ambavyo wewe hujavishukuru miaka, mvua, bibi yake, paka wa jirani, na anamaanisha kila neno. Nawe usimsahihishe, sema amina.

Kwa hiyo Jumapili ijayo watoto wa sande skuli wakae viti vya mbele, nshaongea na wazee wa kanisa wamekubali. Haya sasa maswali, na tuanze na hawa wadogo.