Njia ya Kurudi: Mhadhara kwa Mafundi Vijana kuhusu Taa za Dashibodi kwenye MGB

Assalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote. Nashukuru kwa kualikwa. Nimeombwa nizungumzie hitilafu za umeme kwenye magari ya zamani ya michezo, na hilo ni bahari. Nitachota kijiko kimoja tu, zile taa ndogo zinazoangaza geji usiku. Nimezichagua kwa sababu fundi akiweza kuzifuatilia hadi mwisho, sehemu iliyobaki ya wayaringi haimtishi. Nimezichagua pia kwa sababu nimeona magari mazuri yakiharibiwa kwa ajili ya taa hizo, na jambo hilo linaniuma.

Gari nitakalolitolea mfano ni MGB. Liliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na yaliyotoka yalizidi 500,000, ukihesabu ya wazi na yale ya GT yenye paa. Huku kwetu yamebaki machache, na wenye nayo wanayapenda kama watoto. Geji zake ni za kampuni ya Smiths na wayaringi ni wa kampuni ya Lucas. Wengi wameshasikia Lucas ikitukanwa, kwamba umeme wake ni wa kiza. Mimi sikubaliani nao. Wayaringi ule ulipangwa kwa akili na rangi zake zinasomeka kama kitabu. Kinachotusumbua ni miaka hamsini ya kutu, na mikono ya watu waliopita humo na kisu na tepu nyeusi.

Zishikeni hizi rangi. Kahawia ni moto, yaani umeme unaokuja, wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe ni moto wa swichi ya ufunguo. Kijani ni ule wa ufunguo uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Nyekundu ni taa ndogo za nje, na nyekundu yenye mstari mweupe ni taa za dashibodi. Nyeusi ni eathi, waya unaorudi kwenye bodi. Ukiinama chini ya dashibodi ya MGB ukakuta waya wa njano wa nyumbani umeungwa na mweusi kwa tepu, ujue kuna aliyepita kabla yako.

Sasa safari ya umeme wenyewe. Unawasha swichi ya taa. Moto wa kahawia unaingia, unatoka kwa nyekundu. Nyekundu inakwenda kwenye taa za nje, na tawi lake linaingia kwenye riostati, ile swichi ya kuzungusha ambayo huongeza au kupunguza mwanga wa geji. Kutoka hapo inakuwa nyekundu yenye mstari mweupe, inagawanyika, na kila tawi linaishia kwenye ulimi mdogo wa shaba ndani ya holda ya balbu. Balbu yenyewe ni ndogo kama punje ya kunde, ya kuzungusha, volti 12, wati 2.2.

Mafundi wengi safari yao inaishia hapo. Umeme umefika kwenye balbu, basi. Lakini umeme hauji kukaa, unapita. Lazima utoke kwenye balbu, uingie kwenye ukingo wa holda, kutoka ukingo uingie kwenye kasha la geji, kutoka kasha uingie kwenye waya mweusi uliobanwa kwa nati ya shaba nyuma ya geji, kisha bodi, kisha betri. Hesabuni viungio hivyo. Kwenda kuna viungio, na kurudi kuna viungio, na vile vya kurudi havina anayevisafisha kwa sababu havionekani kuwa na kazi.

Sisi wa Mombasa tunaijua feri. Ikishindwa kushusha watu upande wa Likoni, foleni inajaa kisiwani, na anayetazama kisiwani peke yake atasema hakuna feri. Taa ya geji inayofifia, mara nyingi feri ipo. Kilichokwama ni upande wa pili.

Niwaeleze kisa. Gari lilikuwa MGB la wazi, la mwishoni mwa miaka ya 1960, lililokuwa likilala miaka mingi katika gereji isiyo na mlango, karibu sana na bahari. Mwenyewe, mzee mmoja mtaratibu, alisema hivi: "Mwanangu, usiku sioni mwendo wangu. Na nikiwasha indiketa ya kulia, geji zinacheza." Maneno hayo mawili, zinacheza na indiketa, yalikuwa nusu ya jawabu, ingawa mafundi waliotangulia hawakuyasikiliza. Wa kwanza alibadilisha balbu. Wa pili alibadilisha balbu tena na riostati. Wa tatu alivuta waya mpya kutoka swichi ya taa hadi kwenye spidomita. Mzee alilipa mara tatu, na zote tatu kazi ilifanywa upande wa kwenda.

Nilianza na swali ambalo halihitaji kifaa: taa ndogo za nje zinawaka? Zikiwa zimezima pamoja na dashibodi, ugonjwa uko nyuma zaidi, kwenye swichi ya taa au moto unaoiingia, na huna haja ya kugusa geji. Zikiwaka nje na dashibodi nzima ikawa giza, nenda kwenye riostati. Ile ni waya wa kukinza uliosokotwa, na juu yake kuna kidole cha chuma kinachoteleza. Gari likikaa muda mrefu, kidole kinashika utando. Iruke kwa kipande cha waya, unganisha nyekundu na nyekundu-nyeupe. Taa zikiwaka, umeipata. Pulizia dawa ya kusafishia umeme, izungushe mara thelathini, na nyingi hufufuka bila kununuliwa nyingine.

Kwa mzee, nje ziliwaka vizuri. Kwenye dashibodi zote ziliwaka, ila kwa unyonge, rangi ya kahawa. Hapo nilichukua mita ya kupimia volti.

Sogeeni hapa karibu, maana hapa ndipo penye kazi. Mafundi wa kabla yangu nao walikuwa na mita. Walichomoa holda, wakaweka ncha moja kwenye ulimi na nyingine kwenye bodi, wakasoma volti 12, wakasema moto upo. Ni kweli ulikuwapo. Lakini ukishachomoa balbu, hakuna mkondo unaopita, na mita ya kisasa haivuti kitu chochote cha maana. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya ulioliwa na kutu utakuonyesha volti 12 kamili. Mpe mzigo uone kama ataubeba.

Basi mimi niliacha balbu zote mahali pake, nikawasha taa, nikapima zikiwa kazini. Ulimi wa holda dhidi ya bodi: volti 12. Vizuri, upande wa kwenda mzima. Kisha nikaweka ncha nyekundu kwenye kasha la spidomita lenyewe, na nyeusi kwenye bodi palipokwanguliwa hadi chuma cheupe. Kasha lile lapaswa kuwa sifuri. Nikiona sehemu ya kumi ya volti sigombi. Siku hiyo mita ilisoma volti 4.

Volti 4 kwenye kasha maana yake balbu ya volti 12 inaishi kwa 8. Na mwanga wa balbu ya waya hauteremki sawasawa na volti, unaporomoka. Ukiipa theluthi mbili ya volti zake, inakupa kama robo ya mwanga wake. Ndiyo maana tatizo dogo la eathi linafanya geji ionekane imekufa, na ndiyo maana balbu mpya haikusaidia chochote.

Na indiketa? Taa ya ishara ya indiketa inarudi kupitia waya uleule mweusi. Kiungio kikiwa kibovu, kila indiketa ikipiga inasukuma umeme wake kwenye mlango uleule mwembamba, volti za kasha zinapanda, na taa za geji zinapungua. Zinacheza. Mzee alikuwa amenieleza kila kitu kabla sijafungua boneti. Taa mbili zisizohusiana zikianza kuitikiana, nenda moja kwa moja kwenye eathi wanayoshirikiana.

Nikachukua waya wenye klipu, upande mmoja kwenye nati ya shaba nyuma ya spidomita, upande mwingine kwenye bodi. Geji zote zikawaka mara moja. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, aliinama akazitazama.

Klipu ilikuwa ya kupimia tu, si dawa. Niliifuata nyeusi kutoka nati hadi nilipofika kwenye kiungio. MGB huunganisha waya zake kwa vipande vya shaba vyenye umbo la risasi vinavyosukumwa ndani ya kifuko cha mpira. Nilipovuta risasi hiyo, ilitoka peke yake, waya ukabaki mkononi. Ndani palikuwa na unga wa kijani, wa rangi ya bilauri ya zamani, na nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi kwa urefu wa kidole. Hewa ya chumvi hufanya hivyo. Hupenya chini ya mpira wa waya na kula shaba kwa ndani, huku nje waya unang'aa kama mpya. Nilikata hadi nikapata shaba nyekundu, nikalehemu risasi mpya, nikaweka kifuko kipya na mafuta mazito kidogo ya kuzuia hewa. Kisha nilifungua nati moja moja nyuma ya kila geji, nikapiga msasa chini ya kijicho cha waya, na kila holda nikausugua ukingo wake. Nilipopima tena, kasha lilikuwa chini ya sehemu ya kumi ya volti. Riostati yake ya zamani, iliyotolewa bila sababu, ilikuwa kwenye droo ya gari. Niliirudisha, inafanya kazi hadi leo.

Kuhusu waya ule mpya wa fundi wa tatu, hapa nawaomba mnisikilize kwa uzito. MGB za mwanzo zina fyuzi mbili tu, na njia ya taa ndogo pamoja na taa za dashibodi haipiti kwenye hata moja. Zilizokuja baadaye, zenye fyuzi nne, zilirekebishwa. Kwa zile za mwanzo, holda moja ikichomoka na ulimi wake ukagusa chuma cha dashibodi, waya unapiga shoti bila kitu cha kuukata, na unachukua wenzake wote waliofungwa pamoja nao. Sasa ongeza waya mwingine usio na fyuzi, unaoning'inia. Niliutoa. Badala yake niliweka fyuzi ya ampea 5 kwenye nyekundu kabla ya riostati. Balbu sita za wati 2.2 zinavuta kama ampea 1, kwa hiyo nafasi inatosha. Ni kazi ya dakika ishirini, na haiharibu uasili wa gari kwa sababu inafichika. Na kabla mkono haujaingia nyuma ya dashibodi, chomoa betri. Kwenye MGB utazikuta nyuma ya viti, na hadi 1974 zilikuwa mbili za volti 6 zilizoungwa kwa mfuatano. Kebo fupi inayoziunga nayo ni ya kukaguliwa.

Kijana pale nyuma ameuliza kama asingeweza kuweka LED tu, zile taa za kisasa zisizo na waya unaowaka, zivute kidogo, yaishe. Anaweza, lakini ajue anachofanya. LED huchagua upande, na MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zilitoka kiwandani chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, hasi ndiyo moto. Ukizifunga kwa mazoea hazitawaka. Riostati ya zamani pia haizipunguzi vizuri. Kubwa kuliko yote, usiweke LED kwenye ile taa nyekundu ya chaji katika gari lenye altaneta, ile mashine inayochaji betri. Balbu ile haionyeshi tu, ndiyo inayopitisha mkondo mdogo wa kuiamsha altaneta gari linapowashwa. LED hupitisha mkondo mdogo mno, na altaneta inaweza kukaa bila kuchaji. Utakuwa umerekebisha taa na kuua betri. Mimi, eathi ikiwa safi, nabaki na balbu ya wati 2.2. Mwanga wake ni wa joto, na ndio geji zile zilitengenezewa.

Mezani hapa nimeleta spidomita moja, holda nne, betri, na viungio kumi. Vitatu kati ya hivyo vimeoza ndani, na kwa nje huwezi kuvitambua. Njooni wawili wawili, mmoja ashike mita, mwingine awashe. Balbu zisitolewe.